Mwanafunzi Aliyepanga Chumba: Ale Nini, na Apike Vipi?



Kila mwaka masomo yanapoanza tunawaona vijana wetu wakiteremka Kigoma mjini. Wa Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko wanakuja kwa basi, wa Uvinza wanaweza kuja kwa treni, na wale wa vijiji vya mwambao, tangu Kagunga kaskazini hadi Kalya kusini, wanafika kwa boti. Wengine wamekuja kujifunza ufundi, wengine uvuvi pale Kibirizi, na wengine ni wa sekondari zisizo na mabweni. Nafasi za kulala shuleni na vyuoni haziwatoshi. Basi wanapanga vyumba Gungu, Mwanga, Katubuka, Buzebazeba au Ujiji, wawili wawili au watatu watatu, godoro chini na ndoo ya maji mlangoni. Hali ni hiyo hiyo kwa wenzao wanaopanga Kasulu.

Mzazi amelipa ada. Amelipa kodi ya chumba. Ameuza mbuzi au maharage ili mtoto awe na pesa mkononi. Jambo moja amelisahau: hakumfundisha kupika, hasa kama mtoto mwenyewe ni wa kiume.

Tuliwahi kuingia katika vyumba kadhaa vya namna hiyo, kwa hodi na kwa heri, na tukauliza: jana mlikula nini? Majibu yalifanana. Asubuhi chai ya rangi na maandazi mawili. Mchana hakuna, au chipsi kama kuna pesa. Jioni ugali na maharage ya mama lishe. Hayo ni majibu ya mwanzo wa mwezi. Tulipouliza habari za mwisho wa mwezi, vijana walicheka kidogo wakatazamana. Mmoja akasema: "Ugali na chumvi." Ugali wenyewe ulikuwa wa muhogo.

Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike ukurasa huu.

Ugali wa muhogo na chumvi

Sisi watu wa Kigoma tumelelewa na muhogo, wala hatuji hapa kuusema vibaya. Unastahimili ukame, unakaa shambani ukimngoja mwenyewe, na ugali wake unashika tumbo. Lakini muhogo karibu wote ni wanga. Unatia nguvu, ila haujengi mwili. Tena muhogo mchungu una sumu iitwayo sayanidi, ambayo wazee wetu waliijua kwa matendo yake hata kama hawakuijua kwa jina. Ndiyo maana waliumenya, wakauloweka siku tatu au zaidi hadi ulainike, wakauanika juani ukauke kabisa, ndipo wakautwanga. Kila hatua ilikuwa inaondoa sumu.

Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa Tarime mkoani Mara walipatwa na ugonjwa wa ajabu. Mtu, mara nyingi mtoto au mama kijana, analala mzima, anaamka miguu imekakamaa. Hatembei tena vizuri maisha yake yote. Wengine walidhani ni uchawi. Waganga wa hospitali walipochunguza waliona kuwa ni ugonjwa uleule uliokwisha kujulikana Kongo kwa jina la konzo. Chanzo chake ni mambo mawili yanayokutana: muhogo mchungu uliotayarishwa haraka haraka, na mlo usio na kitoweo. Mwili wetu una njia yake ya kuivunja sumu ya muhogo, lakini kwa kazi hiyo unahitaji viungo vinavyopatikana katika protini, yaani katika samaki, nyama, mayai, maziwa na jamii ya kunde. Mtu anayekula ugali wa muhogo na dagaa ana ngao. Mtu anayekula ugali huohuo na chumvi, wiki hata wiki, hana ngao.

Hatusemi kwamba mwanafunzi akila ugali na chumvi siku mbili miguu itakakamaa. La hasha. Tunasema kwamba mazoea hayo ni mabaya, na unga wa kununua hatuujui ulilowekwa siku ngapi. Katika miezi ya njaa wako wafanyabiashara wanaoloweka siku moja tu ili wawahi soko. Iliyo salama ni kumpa mtoto unga wa nyumbani, uliotayarishwa na mikono mnayoijua.

Na kama mwanafunzi amenunua unga na ana mashaka nao, iko njia rahisi ambayo imejaribiwa katika vijiji vya Bandundu, huko Kongo, ikasaidia kuzuia konzo. Weka unga mkavu katika bakuli, utie alama ulipofika. Mimina maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Unga utashuka, kisha utapanda tena. Ukifika kwenye alama, acha kutia maji. Utandaze huo unga mbichi juu ya mkeka au sinia safi, uwe mwembamba, usizidi unene wa kidole. Uache juani saa mbili, au kivulini saa tano. Sumu inapotea hewani. Kisha songa ugali wako siku hiyohiyo, maana unga uliolowa haulali.

Hesabu ya sahani

Vijana hutuambia, "Chipsi ni rahisi, kupika ni gharama." Bei hatutaziandika hapa, kwa sababu kabla gazeti halijatoka mashineni zimekwisha kubadilika. Fanya hesabu mwenyewe. Chukua pesa ya sahani moja ya chipsi mayai na soda yake, nenda nayo soko la Mwanga saa kumi jioni. Utaona kwamba pesa hiyo inakaribia sana kununua nusu kilo ya maharage, fungu la mchicha, nyanya za fungu, kitunguu na mawese ya kupimwa. Nusu kilo ya maharage makavu, yakiisha kuiva, ni sahani tano au sita. Chipsi ni sahani moja, na saa nne usiku njaa imerudi.

Gharama ya kweli ya kupika ni mkaa na muda. Hapo vijana wana haki ya kulalamika, na hapo ndipo ufundi unapotakiwa.

Maharage bila kumaliza mkaa

Usiku kabla ya kulala, chagua maharage, yaoshe, yaloweke katika maji mengi. Asubuhi mwaga maji hayo. Maharage yaliyolala majini huiva kwa muda mfupi zaidi, tena hayasumbui tumbo sana.

Jioni ukirudi darasani, yatie maji mapya, yabandike, yachemke kwa nguvu kwa muda wa nusu saa hivi. Tunasisitiza: yachemke, yatokote. Maharage, hasa yale mekundu, yana sumu yake yenyewe inayokufa tu kwa mchemko mkali wa dakika kumi na zaidi. Ukiyapasha moto vuguvugu yanaweza kukutapisha. Yakiisha kutokota hivyo, funika sufuria vizuri, iepue, izungushie blanketi au khanga kuukuu, uiweke ndani ya kapu au boksi lililojazwa majani makavu au nguo. Joto halitoki. Maharage yanaendelea kuiva yenyewe bila mkaa, na wewe unasoma. Baada ya saa tatu au nne yarudishe motoni yachemke, unga kwa kitunguu, nyanya na mawese, weka chumvi mwisho. Bibi zetu walifunika ndizi na viazi kwa majani na magunia kwa akili hiihii, kwa hiyo asitokee wa kudhani ni mambo ya wazungu.

Maharage haya hufaa na ugali, hufaa na wali, na hufaa zaidi katika chungu kimoja: menya ndizi mbichi au viazi vitamu, kata vipande, vitie pamoja na maharage yaliyokwisha kuiva, maji kidogo, kitunguu, mawese, na dakika tano kabla ya kuepua tia mchicha uliokatwa. Sufuria moja, jiko moja, mlo kamili. Mwanafunzi asiyejua kusonga ugali aanze na hicho.

Dagaa, mawese na giza la mwezi

Hakuna wilaya nyingi Tanzania ambazo kitoweo bora ni kitoweo cha maskini. Kwetu ni hivyo. Dagaa wakavu wa Tanganyika, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na kwa kuwa tunawala na mifupa yao wanatupa pia chokaa ya kujenga mifupa na meno. Konzi mbili kwa mtu mmoja zatosha mlo. Mgebuka ni mtamu, hatukatai, lakini bei yake ni ya Jumapili.

Mwanafunzi aliyetoka bara hajui siri moja ambayo mtoto wa Katonga au Kibirizi anaijua tangu tumboni. Wavuvi wetu huwavuta dagaa usiku kwa taa. Usiku wa giza dagaa huifuata taa. Usiku wa mbalamwezi taa haifui dafu mbele ya mwezi, na dagaa huwa haba. Basi nunua wakati wa giza, wanapopatikana kwa wingi, ukae nao hadi mbalamwezi ipite. Chagua wanaong'aa kama fedha, wakavu kabisa, wasionuka vibaya, na ikiwezekana walioanikwa juu ya vichanja na si juu ya mchanga. Watunze kwenye ndoo au kopo lenye kifuniko, mahali pakavu.

Tena kumbukeni mwaka 2024. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti Serikali ilisimamisha uvuvi ziwani ili samaki wapate kuzaana, na wengi walikumbushwa kwa nguvu kwamba kitoweo hakiji chenyewe. Aliyekuwa ameweka dagaa wakavu na maharage ya Kasulu alikula. Mwanafunzi naye awe na akiba ya namna hiyo, hata ya wiki mbili.

Kupika ni hivi. Waondoe mchanga na takataka, waoshe kwa maji ya vuguvugu mara mbili au tatu upesi upesi, wachuje. Weka mawese katika sufuria, kijiko kimoja au viwili kwa kila mlaji, kaanga kitunguu, tia dagaa wakaangike kidogo, tia nyanya, chumvi na maji kiasi cha kikombe. Funika. Dakika kumi na tano wameiva. Epua, kamulia ndimu.

Juu ya mawese tuna neno moja. Wekundu wake si rangi tu. Ndani ya wekundu huo mwili hupata vitamini A, inayolinda macho na kuupa mwili kinga. Wako wanaoyachoma mawese jikoni hadi yapauke yawe kama maji, wakisema yanapoteza harufu. Ni kweli harufu inapotea, na vitamini inapotea nayo. Moto wa kadiri watosha. Lakini mawese ni mafuta kama mafuta mengine, kwa hiyo chakula kisiogelee.

Mboga, ndimu na kikombe cha chai

Hapa tunasema hasa na mabinti. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2015 na 2016, karibu wanawake 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikutwa na upungufu wa damu. Sababu ziko nyingi, malaria na minyoo zikiwamo, lakini chakula ni mojawapo. Binti mwenye damu pungufu anachoka upesi, kichwa kinazunguka, anasinzia darasani, na mwalimu anamdhania mvivu.

Madini ya chuma ya kutengeneza damu yamo katika dagaa, katika maharage na katika majani ya kijani: mchicha, matembele, majani ya maboga, sombe. Lakini chuma ya maharage na majani ni ngumu kuingia mwilini. Ndimu, nyanya mbichi, chungwa, pera au embe vikiliwa katika mlo huohuo huifungulia mlango. Chai huufunga. Vijana wengi hunywa chai ya rangi pamoja na chakula, au badala ya chakula. Chai inywewe baadaye, ikipita kama saa moja. Ndimu ni rahisi kupatikana, na maembe katika msimu wake hapa Ujiji yanakanyagwa chini. Mji ambao habari zake zilienea duniani tangu mwaka 1871, Livingstone na Stanley walipokutana chini ya mwembe, usiwe mji wa vijana wasioonja tunda.

Sombe tunaipenda wote, ila ni pishi la Jumamosi. Majani ya muhogo nayo yana sumu kama mizizi, hivyo hutwangwa vizuri, huchemshwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi, ndipo hutiwa karanga, dagaa na mawese. Asiye na kinu anunue yaliyotwangwa sokoni. Siku za masomo mchicha wa dakika tano unatosha.

Na asubuhi? Uji. Unga wa mahindi au ulezi, na karanga zilizosagwa vijiko viwili kwa kila mtu, sukari kidogo. Ukipikwa jioni na kuwekwa katika chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji ya moto, alfajiri unamiminwa tu. Viazi vitamu vilivyochemshwa na karanga za kutafuna mkononi ni chakula bora kuliko maandazi mawili, wala hatuoni kwa nini kijana aone aibu kuvibeba shuleni.

Kachumbari na matunda ya kuliwa mabichi yaoshwe kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa. Maji ya ziwa yanaonekana maangavu, lakini mwezi Mei 2015 pale Kagunga, wakati wakimbizi wa Burundi walipojaa ufukoni, kipindupindu kiliua, na maji yale ya ziwa yalikuwa maangavu vilevile.

Moto ndani ya chumba

Sasa jambo ambalo si la lishe, lakini linaua upesi kuliko njaa. Mwanafunzi anapikia chumbani kwa sababu uwani kuna mvua, au anaogopa kuibiwa sufuria. Akimaliza kupika mkaa bado una moto. Anaona hasara kuumwagia maji, analiacha jiko ndani, anafunga dirisha kwa ajili ya mbu, analala.

Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyokohoza. Moshi utakuamsha; hewa hii haikuamshi. Kwanza kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inakosa nguvu, halafu usingizi. Wanaolala katika chumba kilichofungwa wanaweza kufa wote kabla ya asubuhi. Mkaa unaoonekana umefifia na kufunikwa na majivu bado una sumu hiyo.

Kwa hiyo jiko la mkaa liwe nje au barazani, siku zote. Ukimaliza, zima mkaa kwa maji au uufunike katika chungu chenye mfuniko huko huko nje. Utawaka tena kesho. Ukimkuta mtu amezidiwa, fungua mlango na madirisha, mtoe nje kwenye hewa safi, kimbilia hospitali. Wazazi wenye uwezo wanunue mtungi mdogo wa gesi wa kilo sita. Watoto watatu wakichangia si mzigo mkubwa. Gesi nayo ina masharti yake: mtungi usimame wima, ufungwe kila baada ya kupika, na ukisikia harufu ya gesi usiwashe kiberiti wala taa.

Kiporo

Bila friji chakula hakikai sana. Maharage ya jioni yaliyobaki yachemshwe tena kabla ya kulala, yafunikwe, kifuniko kisiguswe, na asubuhi yachemke tena kabla ya kuliwa. Mchana wa pili yawe yamekwisha. Wali ni kinyume chake. Wali uliolala huota vijidudu vyenye sumu isiyokufa hata ukiupasha moto, hivyo pika unaotosha sikukuu yako, kama ni sikukuu, ukaishe. Ugali wa jana unaokatwa vipande na kukaangwa hauna neno, kama ulifunikwa na haujachacha.

Chungu cha watatu

Mpikaji mmoja hutumia mkaa karibu uleule wanaoutumia wapikaji watatu. Tuliona chumba kimoja cha Gungu ambamo wavulana watatu walichanga kila Jumapili, wakaandika ukutani zamu za kupika, na wa zamu ndiye aliyetunza pesa ya wiki. Asiyechanga pesa alileta unga wa kwao. Hawakuwa na akili kuliko wenzao, ila mama wa mmoja wao alikuwa amemfundisha mwanawe kupika kabla ya kumpandisha basi, naye akawafundisha wengine. Yule wa tatu alituambia kwamba kwao Heru Juu mwanamume hashiki mwiko. Siku ile tuliyofika ndiye aliyekuwa anasonga.

Njaa ya chumbani ina mlango mwingine, na wazazi hatupendi kuutazama. Binti mwenye njaa hupata marafiki upesi. Yupo wa bodaboda, yupo mwenye duka, yupo mtu mzima mwenye watoto wa rika lake. Anaanza kwa chipsi kuku na vocha ya simu. Hatusemi kwamba kila binti aliyepata mimba alianguka kwa sababu ya sahani. Lakini tumesikia kutoka vinywani mwao wenyewe kwamba ilianza na njaa ya mwisho wa mwezi. Kwa wavulana pesa ya chakula huishia katika kamari za mpira kwenye simu, wakitumaini kuizidisha ili wale vizuri. Kumkemea mtoto kwa haya bila kuuliza anakula nini ni kupiga ngoma nusu.

Kwa hiyo, baba na mama, mnapofunga mzigo wa mtoto fungeni na haya: unga wa nyumbani uliolowekwa vizuri, maharage, karanga, chupa ya mawese, sufuria mbili zenye mifuniko, mwiko, kisu, ndoo yenye mfuniko na chupa ya chai. Na likizo kabla ya kuondoka, mwezi mzima, apike yeye. Awe wa kiume au wa kike. Mkile alichopika hata kikiungua.

Jumuiya ndogondogo zilizo karibu na vyuo nazo zina kazi hapa. Mwanafunzi aliyepanga mtaani kwenu ni mwanajumuiya wenu, hata kama kadi yake iko Kibondo. Mwalikeni kusali, muulizeni anakula nini, na mama mmoja wa WAWATA anaweza kuwaita vijana wa TYCS na wa vyuo Jumamosi moja akawaonyesha kapu la joto na upishi wa dagaa. Saa tatu zinatosha.

Wanafunzi wenye pishi lao la gharama ndogo walilolijaribu wenyewe watuandikie kupitia ofisi ya parokia, wakitaja vipimo na muda wa kuiva. Yale yanayofaa tutayachapa. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaeleza namna ya kusafisha na kutunza maji ya kunywa katika chumba kisicho na bomba.